Imamu Musa al-Sadr, sheikh aliyewasemea maskini wa Lebanon

Mzaliwa wa Iran alipataje sauti Lebanon?

Alizaliwa Qom mwaka 1928, ila asili ya ukoo wake ni Jabal Amil, kusini mwa Lebanon. Alisoma Chuo Kikuu cha Tehran, kisha Najaf. Alipohamia mji wa Tiro, Lebanon, mwishoni mwa miaka ya 1950, alianza na shule ya ufundi na miradi ya kuwasaidia mafukara.

Kwa nini hakuishia hapo?

Kwa makubaliano ya 1943, rais ni Mmaroni, waziri mkuu Msuni, spika Mshia. Uspika huo haukumfaa kitu mkulima wa tumbaku wa kusini, kwa kuwa viti vya Washia vilishikwa na koo kubwa zenye ardhi. Al-Sadr alidai Washia wawe na chombo chao. Sheria ya 1967 ikaunda Baraza Kuu la Kiislamu la Washia, na mwaka 1969 akachaguliwa mwenyekiti. Ubunge hakuwahi kuushika. Nguvu yake ilitoka kwa watu wa vijijini, ambao mabwanyenye waliwakumbuka wakati wa kura tu.

Lakini si yeye aliyeanzisha kundi la wapiganaji?

Ndiye, na tusilifiche. Mwaka 1974 alianzisha Harakati ya Walionyimwa. Amal, tawi lake la silaha, iliandaliwa kwa siri hadi Julai 1975, mlipuko ulipoua vijana wengi kambini karibu na Baalbek. Alieleza kuwa silaha ni za kuilinda kusini dhidi ya Israel. Na siku chache tu kabla ya mlipuko huo, huyuhuyu alikuwa msikitini Beirut, amegoma kula kupinga vita vya wenyewe kwa wenyewe. Aliposikia Waislamu wamekizingira al-Qaa, kijiji cha Wakristo bondeni Bekaa, aliacha mgomo akaenda kuwaondoa. Naamini alitaka kwa dhati kuwa mpatanishi mwenye jeshi. Vita havikumruhusu.

Alipoteaje?

Alikwenda Libya Agosti 1978 kwa mwaliko wa serikali, pamoja na Sheikh Muhammad Yaqub na mwanahabari Abbas Badr al-Din. Baada ya tarehe 31 hawakuonekana tena. Libya ilidai walipanda ndege kwenda Roma. Gaddafi, mtawala wa Libya wakati huo, aliuawa 2011, na familia hadi leo zinadai jibu.

Na Amal?

Nabih Berri anaiongoza tangu 1980. Uspika ameushika tangu 1992. Harakati iliyozaliwa kupinga ugawanaji wa vyeo sasa ina fungu lake humo, na hilo linaniuma.