Mlango wa Baraza: Darsa kuhusu Mraibu Asiye na Makazi

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Darsa hili ninaliandika nikiwa nyumbani Juba kwa likizo, na ninalianza kwa kosa langu mwenyewe.

Ilikuwa Ramadhani, nami nina miaka 17. Familia yetu ilikuwa imerudi Sudan Kusini kutoka kambi ya Kakuma, Kenya, ambako ndiko nilikokipata Kiswahili hiki ninachowaandikia. Katika msikiti tuliokuwa tukiswali, vijana tuligawiwa kazi za futari. Mimi nikapewa mlango wa baraza: kupanga viatu, na kuhakikisha watoto wa sokoni hawaingii. Jioni moja akaja kijana wa miaka kumi na miwili hivi, miguu peku, amefutika chupa ya plastiki ndani ya mkono wa shati. Harufu ya gundi ilimtangulia. Nikamzuia. Akaniambia kwa Kiarabu cha Juba kwamba yeye pia ni Mwislamu, na ili nimwamini akaanza kusoma Al-Fatiha. Mimi ndio kwanza nilikuwa nimehifadhi Sura ya An-Nisaa, basi nikamsomea aya ya 43, inayowakataza waumini kuikaribia swala wakiwa wamelewa. Akanyamaza kabla hajamaliza Fatiha, akageuka, akaenda zake. Kukaadhiniwa Magharibi, nikafuturu kwa tende na uji nikijiona nimeulinda msikiti.

Mwaka wa pili chuoni, katika somo la tafsiri, mwalimu wetu alituuliza aya hiyo inakataza nini. Tukajibu: swala ya mlevi. Akauliza tena: je, inakataza kumlisha? Darasa zima likasema hapana. Mimi niliinamia daftari langu. Yule mtoto alikuja na njaa, nami nikamjibu kwa aya sahihi mahali pasipo pake.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma suala hili: dini yetu inasema nini kuhusu mtu aliyeshikwa na uraibu na hana pa kulala? Haya ndiyo niliyoyapata.

Watu wa jua

Kiarabu cha Sudan kina jina la watoto wa mitaani: shamasa. Linatokana na shams, yaani jua. Ni watu wa juani, wasio na kivuli. Hapa Juba utawakuta soko la Konyo Konyo, Custom na Jebel, wakiokota chupa, wakibeba mizigo, wakilala kwenye vibaraza vya maduka. Vita vilivyoanza Desemba 2013, mapigano ya Julai 2016 hapa mjini, na tangu Aprili 2023 vita vya Sudan vilivyowasukuma watu kuvuka mpaka kuja kusini, vyote vimebomoa nyumba na kutawanya familia. Wapo watoto ambao wazazi wako hai, ila nyumbani hakuna chakula.

Gundi wanayonusa ni ile ile ya fundi viatu na ya kuziba pancha. Inauzwa kihalali na bei yake ni ndogo. Ukimuuliza mtoto kwa nini anainusa, hatakuambia habari za starehe. Atakuambia inaondoa njaa, inaondoa baridi ya mvua usiku, inaondoa woga. Asichojua ni kwamba mvuke wake unaharibu ubongo, na unaweza kuusimamisha moyo ghafla. Kwa watu wazima balaa kubwa ni araki, pombe kali inayopikwa majumbani. Na mara nyingi anayeipika ni mama anayetafuta chakula cha wanawe. Kwa hiyo kabla hatujahukumu, tujue kwamba uraibu na ukosefu wa makazi vinashikana mikono: huyu humleta yule, na yule humrudisha huyu.

Aya tatu kwa mpangilio wake

Sote tunajua kwamba pombe ni haramu, na hukumu hiyo imekwisha. Hakuna wa kuirudisha nyuma. Lakini tutazame namna Allah (s.w.t) alivyoifikisha. Kwanza ikashuka Al-Baqara aya ya 219, ikieleza kwamba katika ulevi na kamari mna dhambi kubwa na manufaa fulani, na dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa. Kisha An-Nisaa aya ya 43, ikazuia swala katika hali ya ulevi. Mwisho Al-Maida aya ya 90 na 91, zikaamrisha kuacha kabisa.

Wanazuoni wametaja katika sababu ya kushuka aya ya pili kwamba swahaba mmoja aliswalisha wenzake baada ya kunywa, kabla haijaharamishwa, akachanganya maneno ya Sura ya Al-Kafirun. Fikiria hilo: waliokuwa wamekunywa walikuwa ndani ya safu, na mmoja wao alikuwa imamu. Aya haikuwatoa katika jamaa. Iliwawekea nyakati tano kila siku ambazo lazima akili iwe imerudi, na nafasi kati ya swala na swala ikawa finyu kwa mtu anayetaka kunywa. Ilipofika amri ya mwisho, wakaimwaga pombe njiani Madina, kwa sababu nyoyo zilikuwa zimeshaandaliwa.

Mimi niliichukua aya iliyowalea watu hao hatua kwa hatua hadi wakaacha, nikaitumia kama fimbo ya kufukuzia.

Aliyeadhibiwa na hakulaaniwa

Baada ya hukumu kukamilika, palikuwa na mtu Madina jina lake Abdullah, akiitwa kwa utani Himar. Alikuwa akimchekesha Mtume (s.a.w). Imam Bukhari amepokea kutoka kwa Umar ibn al-Khattab (r.a) kwamba mtu huyo aliadhibiwa kwa kunywa pombe, kisha akaletwa tena siku nyingine kwa kosa lile lile. Mmoja wa waliokuwepo akamlaani kwa kuletwa mara nyingi hivyo. Mtume (s.a.w) akakataza asilaaniwe, akashuhudia kwamba mtu huyo anampenda Allah na Mtume wake. Katika riwaya nyingine ya Abu Huraira (r.a), waliomwombea mlevi fedheha waliambiwa wasimsaidie Shetani dhidi ya ndugu yao.

Tupate mafunzo mawili hapa. La kwanza, kosa liliitwa kosa; adhabu ilikuwepo, wala hakuna aliyesema ni jambo dogo. La pili, kurudia kosa hakukufuta mapenzi yake kwa Mola wake wala nafasi yake mbele ya Mtume. Anayehudumia waraibu atakutana na kurudia huku mara nyingi. Mtu anaacha miezi mitatu, anaanguka wiki moja, anarudi. Tukimpa laana siku ya kuanguka, hatakuwa na mahali pa kurudi.

Suffa: kivuli cha msikiti

Kibla kilipogeuzwa kutoka Bayt al-Maqdis kuelekea Makka, sehemu ya nyuma ya msikiti wa Madina iliyokuwa imeezekwa kwa makuti ya mtende ikabaki. Hapo ndipo walipokaa watu wasio na jamaa, mali wala nyumba. Pakaitwa Suffa, na wao wakaitwa Ahl as-Suffa. Abu Huraira (r.a) alikuwa mmoja wao. Amesimulia jinsi siku moja njaa ilivyombana, Mtume (s.a.w) akapata bakuli la maziwa, akamtuma awaite watu wote wa Suffa. Abu Huraira aliona maziwa hayatamfikia. Wakanywa mmoja mmoja mpaka wakatosheka, kisha akaambiwa anywe yeye, akanywa mpaka hapakuwa na nafasi tumboni, na Mtume akanywa wa mwisho.

Tusikosee: watu wa Suffa walikuwa masahaba watukufu, hawakuwa walevi. Hoja yangu ni ya jengo. Msikiti wetu wa kwanza mashuhuri ulikuwa na mahali pa kulala maskini ndani ya ukuta wake. Shamasa ni mtu wa jua. Suffa ni kivuli. Baraza niliyoilinda mimi ilikuwa na kivuli kisichomfaa mtu yeyote isipokuwa viatu.

Waliotutangulia pwani

Pwani ya Afrika Mashariki imelijua tatizo la heroini, wenyewe wanaiita unga, kwa muda mrefu, na Waislamu wa huko hawakukaa kimya. Malindi ulianzishwa mradi wa Omari katika miaka ya 1990 kuwahudumia waraibu. Mombasa, jumuiya ya MEWA inaendesha kituo cha kurekebisha waraibu sambamba na huduma zake za elimu na afya. Zanzibar, tangu 2009, zilianza soba hausi zilizoanzishwa na waraibu wenyewe waliokwisha kuacha. Wanaishi pamoja, wanafuata hatua kumi na mbili zilizotoka Marekani, zinazomtaka mtu akiri udhaifu wake, ajisalimishe kwa Mungu na awatake radhi aliowadhulumu. Mwislamu hapati shida kuyatambua hayo: ni masharti ya toba tunayofundishwa madrasa.

Na hawakutosheka na dua. Februari 2011 hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni kwa waraibu wa heroini, na baadaye huduma hiyo ikafika Zanzibar na pwani ya Kenya. Dawa inatuliza arosto, wenzake wa soba hausi wanamshika mkono, ibada inampa sababu ya kuamka asubuhi. Ila tuwe waangalifu: methadoni ni ya heroini na jamii yake. Kwa gundi na araki haifai. Hapa Juba tutaazima moyo wa pwani na mpangilio wake, dawa yao haitatufaa.

Tufanye nini?

Kwanza, mlango. Asiyeweza kuswali kwa ulevi asiswali mpaka arudiwe na akili, lakini alishwe, apewe maji, aambiwe arudi.

Pili, pesa. Wengi huuliza kama mraibu apewe zaka. Akiwa fakiri au maskini, ni miongoni mwa wanane wa At-Tawba aya ya 60, na Sheikh Yusuf al-Qaradawi katika Fiqh az-Zakat amejadili pia rai ya kumwingiza asiye na makazi katika fungu la ibn sabil. Namna ya kumpa tunaweza kuipima kwa An-Nisaa aya ya 5, inayozungumzia wasioweza kusimamia mali: mali isiachwe mikononi mwao, walishwe na kuvishwa kutokana nayo, na wasemeshwe kwa maneno mema. Chakula, nguo, nauli ya hospitali. Na maneno mema yamo ndani ya aya hiyo hiyo.

Tatu, daktari. Mlevi wa miaka mingi akikatishwa pombe kali ghafla anaweza kupata degedege na kufa. Usimfungie chumbani ukamsomea ruqya peke yake. Mpeleke hospitali, Juba Teaching Hospital ina wodi ndogo ya magonjwa ya akili. Ruqya na dua vifuatane na matibabu.

Nne, tusifanye chakula chambo. Waislamu wa Juba ni wachache, na wengi wa watoto hawa ni Wakristo. Al-Insan aya ya 8 na 9 inawasifu wanaomlisha maskini, yatima na mateka bila kutaka malipo wala shukrani. Kule Gumbo, ng'ambo ya mto, mapadri na masista wa Don Bosco wamewahifadhi waliokimbia vita kwa miaka. Tushindane nao katika heri.

Mtakuja mpaka lini?

Likizo hii, mimi na wenzangu wawili tumekuwa tukienda Konyo Konyo kila Ijumaa baada ya swala, na ful na mikate. Sikumwona yule mtoto wa baraza. Sasa angekuwa kijana mkubwa, na huenda nimempita bila kumtambua. Ijumaa ya tatu, mmoja wa watoto alimaliza kula, akaniuliza: “Mtakuja mpaka lini?” Sikuwa na jibu, maana tiketi ya kurudi chuoni ilikuwa mfukoni.

Swali lake ndilo fiqhi ya wakfu. Umar (r.a) alipopata ardhi Khaibar, alishauriwa azuie asili yake na kuyatoa sadaka mazao yake, ili kheri isikatike. Hospitali ya Sultani Qalawun, Cairo, iliyojengwa 1284, iliendeshwa kwa wakfu, na mgonjwa aliyepona alipewa nguo na pesa wakati wa kutoka, asilazimike kurudi kazini hajapata nguvu. Walifikiria siku ya kutoka. Sisi tunafikiria siku ya futari tu.

Ninapendekeza jumuiya yetu ianze kwa kidogo kisichokatika: mchango wa kila mwezi, hata wa bei ya soda moja, wa kukodi chumba kimoja Juba kitakachokuwa na mlezi wa kudumu. Wenzangu wawili wanabaki, na wanaendelea na Ijumaa mpaka hapo.

Maswali ya kujadili katika halaqa

1. Msikiti au chumba cha swala cha chuo chenu kina nafasi gani kwa asiye na makazi?
2. Kuna tofauti gani kati ya kukataza kosa na kumlaani mkosaji? Rejea kisa cha Himar.
3. Ni huduma gani mnayoitoa Ramadhani inayoweza kugeuzwa kuwa wakfu?

Ewe Mola, utusamehe tuliowafukuza waja wako milangoni pako, uwaponye waliotekwa na ulevi, na uwape kivuli wasio na kivuli, siku hizi na siku ambayo hakuna kivuli ila chako. Amin.