Nafasi ya Kuku Bandani

Banda la meta 5 kwa 4 lina meta za mraba 20. Hapa Singe twashauri humo wakae kuku wa nyama 200, wasizidi. Siku ya kwanza vifaranga 400 huonekana wachache, na hapo ndipo mtu adanganyikapo. Wafikapo juma la nne husongamana: wanyonge hawafikii chakula, maranda hulowa, harufu kali huwasha macho, nyayo hupata vidonda. Jumla ya nyama yaweza kuzidi, ni kweli, lakini kila kuku huwa mwepesi, naye mnunuzi huwatazama mmoja mmoja. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2007 yaruhusu kilo 33 kwa meta ya mraba, na zaidi penye mitambo ya hewa. Sisi wenye madirisha ya wavu tu tusiiige.