Tangi la Gesi na Kitanda cha Dereva

Bomba la mafuta kutoka Mombasa lilifika Eldoret mwaka 1994, lakini gesi ya kupikia haipiti humo. Gesi huja kwa lori, likipanda kutoka pwani hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, kisha likiteremka Burnt Forest kuingia Eldoret au kuendelea Malaba na Uganda. Anayebuni lori hilo ana mambo mawili ya kutunza: kimiminika kinachotaka kutoka na binadamu anayetaka kulala.

Tuanze na kimiminika. Gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa propani na butani. Ikiachwa wazi, propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri. Ili isichemke katika joto la Mombasa, lazima ibanwe. Kwenye nyuzi 30, shinikizo la propani tupu hukaribia mara 11 ya lile la hewa ya pwani, yaani kila mita ya mraba ya ukuta wa tangi husukumwa kana kwamba imebeba tani 100. Ukuta bapa ungepinda. Ukuta wa duara huvutika tu, na chuma ni hodari wa kustahimili mvuto. Ndiyo maana tangi la gesi ni duara kamili lenye vichwa vya kuba, ilhali la petroli, ambalo halibebi shinikizo kubwa, laweza kuwa na umbo la yai. Hata hivyo, mvuto wa kuzunguka duara ni maradufu ya ule wa kwenda urefu. Soseji ya kukaanga hupasuka kwa urefu kwa sababu hiyo hiyo.

Wengine hudhani shinikizo la ndani huongezeka lori linapopanda mlima. La, hilo hufuata joto. Propani ile ile ikipoa hadi nyuzi 10, kama usiku wa Eldoret, hubaki na mara 6 na ushee. Joto likipanda, kimiminika nacho hutanuka, mara kumi hivi zaidi ya maji, kwa hiyo tangi halijazwi pomoni. Huachwa nafasi, mara nyingi asilimia 15 hivi. Nafasi hiyo ina gharama: dereva akikanyaga breki mteremkoni, tani kadhaa hukimbilia mbele, kisha zikarudi. Kuta zenye matundu ndani ya tangi hulivunja wimbi, ila haziliui. Linalobaki ni la mtu aliyeshika usukani.

Na mtu huyo akichoka? Dawson na Reid walionyesha mwaka 1997 kwamba kukesha saa 17 hudhoofisha utendaji sawa na kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Dawa yake ni usingizi.

Eldoret, adui wa usingizi huo ni baridi. Lakini haifai kuifukuza kwa moto: mvuke wa propani ni mzito kuliko hewa kwa mara moja na nusu. Ukivuja hutambaa chini na kujaa mitaroni, ukingoja cheche. Basi jiko la makaa kando ya lori ni marufuku, hata kwa chai ya asubuhi, na injini isiachwe ikinguruma usiku kucha ili kupasha kabini joto. Linalobaki ni joto la miili ya dereva na utingo, wati 70 au 80 kwa kila aliyelala. Bati tupu hulipoteza. Sponji ya sentimita chache ukutani na darini, pamoja na pazia zito kiooni, hulihifadhi. Kidirisha kimoja kibaki wazi kidogo, la sivyo pumzi itageuka matone na kulowesha godoro.

Mtikiso nao huchosha. Katika meli za gesi za mto Rhine, vyumba vya mabaharia mara nyingi huwekwa juu ya mipira au springi. Springi laini hucheza polepole, hivyo mitetemo ya haraka haipenyi. Kiti cha dereva chenye springi za hewa hufuata kanuni iyo hiyo.

Je, vifaa hivi vinakula mzigo? Sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu lori na mzigo wake hadi tani 56. Godoro, sponji, mapazia na kiti hicho kwa jumla havifiki kilo 200, chini ya nusu ya asilimia moja. Mwenye lori anayelalamika kwamba kitanda kinamlia mzigo hajapiga hesabu.