Mafunzo kwa Mwenye Kuhama na Watu Wake: Hesabu ya Nyumba Mpya Ugenini

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, haya ni mafunzo machache kwa ndugu zetu wa pwani wapatao kazi katika nchi za Ghuba, kisha wakataka kuwachukua wake zao na watoto wao. Tumeyaandika kwa sababu wanaotujia baada ya sala ya Isha kutaka dua ya safari ni wengi, na wanaotujia na karatasi ya hesabu ni wachache mno. Dua ni haki yao, nasi huwaombea. Lakini karatasi nayo ni wajibu, kwani mambo yakiharibika huko si yeye peke yake atakayelala chini pasipo godoro.

Tutaitwaa Dubai kuwa ni mfano, kwa kuwa watu wetu wengi huelekea huko, na desturi zake za nyumba zajulikana. Aendaye Maskati au Doha atabadili majina na bei, na njia ya hesabu ni hiyo hiyo.

FASILI: MASURUFU NI DENI

Jua, ewe ndugu, kwamba katika madhehebu yetu ya Shafi masurufu ya mke yamepimwa: vibaba viwili kila siku kwa mume mwenye wasaa, kibaba kimoja na nusu kwa wa kati, na kibaba kimoja kwa mwenye dhiki, tena na kitoweo, na mavazi, na vyombo, na makao yanayomfaa mfano wake. Nayo masurufu hayo hayafutiki kwa kupita siku. Mume asipotoa, huwa deni juu yake, liwe la mwezi mmoja au la miaka kumi. Masurufu ya wazazi na watoto wahitaji ni wajibu vile vile, ila hayo hayawi deni kwa kupita wakati isipokuwa kwa amri ya kadhi. Hii ndiyo tofauti ambayo wengi hawaijui. Mtu husafiri, akakaa miezi minne pasi na kuleta kitu, kisha akasema, "Sikuwa na kitu, mke wangu amenisamehe." Je, umemuuliza? Au umemsamehea wewe?

Basi atakaye kuhama na aandike kwanza juu ya karatasi yake, kabla ya nauli, masurufu ya wale atakaowaacha nyuma kwa miezi yote ambayo bado hawajamfuata, pamoja na ya wazazi wake ikiwa ni wahitaji. Fedha hizo ziwekwe mkononi mwao kabla ya yeye kupanda ndege, zisiwe ahadi.

FASILI: HESABU MBILI

Watu wengi huhesabu mwezi: mshahara kadha, kodi kadha, chakula kadha, kilichobaki kadha. Hiyo ni hesabu ya mtu aliyekwisha kukaa. Iko hesabu nyingine itanguliayo, nasi tutaiita hesabu ya mlango, yaani ni fedha ngapi zitatoka mkononi mpaka watu wako walale chini ya paa lako. Wanaoharibikiwa wengi huharibikiwa katika hii.

Kodi ya nyumba Dubai hutajwa kwa mwaka, wala si kwa mwezi. Mpangaji hutoa cheki zenye tarehe za mbele, moja au mbili au nne au zaidi, kwa vile watakavyopatana na mwenye nyumba, na mwenye nyumba hupenda cheki chache. Juu ya hiyo huweka amana, ambayo kwa desturi ni asilimia 5 ya kodi ya mwaka kwa nyumba tupu, na 10 kwa nyumba yenye vyombo. Dalali naye mara nyingi hutaka asilimia 5. Mamlaka ya umeme na maji hutaka amana ya dirhamu 2,000 kwa nyumba ya ghorofani, na 4,000 kwa nyumba ya peke yake. Mkataba sharti uandikishwe katika daftari la serikali liitwalo Ejari, na pasipo hilo hupati umeme, wala hupati ruhusa ya ukaazi ya mke na watoto.

Sasa tupige mfano. Bei hizi tumezikadiria kwa ajili ya kufundisha tu, na kila mtu ataweka zake. Mtu wa Mombasa ana mke na watoto wawili wa shule, na mshahara wake ni dirhamu 9,000 kwa mwezi. Amepata nyumba tupu ya 60,000 kwa mwaka, kwa cheki nne. Cheki ya kwanza ni 15,000, amana 3,000, dalali 3,000, amana ya umeme 2,000. Zimekwisha toka 23,000, na chumbani hamna hata mkeka. Nyumba tupu huko huwa tupu kweli, mara nyingi hamna jiko wala friji wala mashine ya kufulia. Tumwekee 6,000 za vyombo na magodoro, hali ya kuwa amenunua vilivyokwisha kutumika. Viza, vipimo na bima za watu watatu tukadirie 6,000; karo ya muhula wa kwanza wa watoto wawili 6,000; chakula na nauli za mwezi 3,000. Jumla ni 44,000, karibu na mishahara mitano kamili, nayo yatakiwa kabla hajaizoea njia ya kwenda kazini. Kwa shilingi 35 kila dirhamu, ni shilingi 1,540,000, na nauli ya ndege bado.

Na tumtazame mtu huyu katika hesabu ya mwezi. Kodi ni 5,000. Serikali ya Dubai hutoza ada ya makazi, asilimia 5 ya kodi ya mwaka, ikigawanywa kwa miezi na kutiwa katika hati ya umeme. Basi ni 250. Karo ya mihula mitatu ni 18,000 kwa mwaka, yaani 1,500 kwa mwezi. Zimebaki 2,250 za chakula, umeme, nauli, simu, dawa, na mama aliye Mombasa. Mtu huyu asiichukue nyumba ile. Ama atafute ya chini yake, hata kama ni Sharjah, ambako kodi ni nafuu na njia ya asubuhi ina msongamano wa magari, au asiwalete watu wake mwaka huu. Serikali humruhusu mtu kuleta ahali zake akiwa na mshahara wa dirhamu 4,000, au 3,000 pamoja na makao, na hivi ndivyo tangu mwaka 2019. Lakini ruhusa ya serikali si ushahidi kwamba fedha zatosha. Wako wanaozichanganya mbili hizi, wakasema, "Kama hazitoshi, kwa nini wamenipa viza?"

FASILI: MUME ATANGULIE

Rai yetu ni kwamba mume atangulie peke yake, wala tusioneshwe haya kwa rai hii. Sababu ya kwanza ni kwamba sheria ya kazi ya huko humpa mwajiri muda wa majaribio usiozidi miezi 6, na katika muda huo aweza kumwachisha mtu kwa kumpa ilani ya siku 14 tu. Aliyeuza vitanda vyake Mombasa, akawatoa watoto chuoni na shuleni, kisha akaachishwa katika mwezi wa tatu, atarudi wapi?

Sababu ya pili ni mpango wa mambo yenyewe. Mgeni hupata kwanza ruhusa ya ukaazi na kitambulisho, kisha ndipo afungue hesabu ya benki, kisha apewe kitabu cha cheki, kisha ndipo mwenye nyumba azungumze naye. Hayo yote huchukua majuma. Akiwa na watoto, majuma hayo atayalipia hotelini kwa bei ya siku, au atawajaza katika chumba cha jamaa. Na ugeni una mpaka: mafundisho ya Mtume yamefanya siku tatu kuwa haki ya mgeni, na zaidi ya hapo ni sadaka ya mwenyeji. Kwa hiyo hata kijana aliye peke yake, akikaa kwa binamu yake mwezi mzima, aweke fungu la mchele, gesi na umeme katika hesabu yake, na alitoe pasipo kungoja kuambiwa.

Wakati huo wa kungoja, mke aliyebaki ana kazi kubwa. Hati ya ndoa ya Kadhi na vyeti vya kuzaliwa vya watoto sharti vithibitishwe Nairobi katika Wizara ya Mambo ya Nje na katika ubalozi wa Imarati, kisha vithibitishwe tena huko, pamoja na tafsiri ya Kiarabu kwa visivyoandikwa kwa Kiarabu. Kila muhuri una ada yake. Tumewaona wenye ndoa za miaka kumi ambao hati yao haijapata kutolewa kwa mwandishi wa ndoa, na wenye watoto ambao jina la baba katika cheti haliwi sawa na lile la pasi yake: hapa Muhammad, pale Mohamed. Herufi moja yaweza kuchelewesha safari. Yatazameni mapema.

FASILI: FEDHA ZITOKE WAPI

Suali: Je, yafaa kuuza dhahabu ya mke kwa ajili ya safari?

Jawabu: Mahari na dhahabu aliyopewa mke ni mali yake, na mume hana mkono ndani yake ila kwa radhi yake. Na radhi isiyokuwa na shaka ni ile aitoayo akiwa ana nafasi ya kukataa. Si ile ya mbele ya mama mkwe na mashemeji. Akiridhia kukopesha, na iandikwe kama tulivyoamrishwa kuandika madeni katika Suratul Baqara, na iandikwe ni nini kilichokopwa. Ikiwa mke ameuza mwenyewe na kumkopesha mume shilingi, mume hudaiwa shilingi. Ikiwa mume ametwaa bangili zenyewe kwa mkopo, hudaiwa dhahabu mfano wake, kwa uzito wake na namna yake, hata bei ikipanda. Na bei imepanda sana miaka hii. Ugomvi mwingi wa nyumbani tulioletewa ulikuwa juu ya neno hili, kwamba hakuna aliyejua ni lipi kati ya mawili.

Suali: Na upatu?

Jawabu: Mwenye kupokea upatu mwanzo amepokea deni la wenziwe. Na aandike michango iliyobaki katika hesabu ya kila mwezi, kama anavyoandika kodi. Kadhalika, mwenye deni lililokwisha fika wakati wake hana haki ya kusafiri pasipo idhini ya mwenye kumdai. Na aende kwake kabla ya kwenda kwa wakala wa tiketi. Ama mkopo wa riba, hukumu yake mwaijua.

Na cheki si karatasi ya kuchezea. Tangu Januari 2022, cheki iliyorudi huko kwa kukosa fedha kwa kawaida haimpeleki mtu katika kesi ya jinai kama zamani, lakini mwenye kudai huipeleka moja kwa moja kwa hakimu wa utekelezaji, na mali ya mdaiwa yaweza kuzuiliwa. Usitie saini cheki ya mwezi wa kumi kwa kutumainia nyongeza ya mshahara ambayo hukuahidiwa.

Ziko pia fedha za kuweka akiba. Dirhamu imefungwa na dola kwa 3.6725 tangu mwaka 1997, haisogei. Inayosogea ni shilingi yetu. Mwanzo wa 2023 dola moja ilikuwa kiasi cha shilingi 123, na Januari 2024 ikafika kiasi cha 160, kisha miezi michache baadaye ikarudi karibu na 130. Aliyekuwa na shilingi 1,000,000 alikuwa na kiasi cha dirhamu 29,800 mwanzo wa 2023, na kiasi cha 22,900 Januari 2024, naye hakutumia hata senti. Kwa hiyo hesabu iandikwe kwa dirhamu, na mwenye kukusanya kwa shilingi aongeze fungu la hatari hiyo.

FASILI: NAULI YA KURUDI

Wanazuoni wetu, walipoeleza uwezo wa kwenda Hija, walisharutisha masurufu ya kwenda na ya kurudi, tena na masurufu ya watu wake mpaka arudi. Hawakumhesabu kuwa ni mwenye uwezo yule aliye na nauli ya kwenda tu. Nasi twalipima jambo hili kwa kipimo hicho. Mfanyakazi mwenyewe, mkataba wake ukiisha, huenda akarudishwa kwa gharama ya mwajiri. Mke na watoto ni juu yake, ila mkataba ukitamka vingine. Basi nauli ya kurudi ya watu wanne iwekwe kando, kwa dola, isiguswe kwa karo wala kwa zulia.

Yamebaki madogo. Anayefika mwezi wa Disemba asiipime hati ya umeme kwa baridi ya mwezi huo, kwani kuanzia Juni mpaka Septemba joto hupita digrii 40 na kiyoyozi hakizimwi. Na katika majengo mengine ubaridi huo hulipiwa kwa kampuni mbali, yenye amana yake. Shule nyingi hufungua mwaka mwisho wa Agosti, na zile za mtaala wa Kihindi Aprili. Anayeleta watoto katikati ya muhula aulize kwanza kama nafasi ipo na karo itakatwaje. Vyombo vizito visichukuliwe. Ichukuliwe mbuzi ya kukunia nazi, na sufuria mbili nzuri, na misahafu ya watoto. Mapazia yanunuliwe huko baada ya kupima madirisha. Na karatasi ya hesabu iandikwe nakala mbili, moja iende na mume, na moja abaki nayo mke, ili kila mwezi wakizungumza kwa simu wasome mstari mmoja.