SOMO LA WANACHAMA: ZAWADI ISEMWE



Sisi tuishio Gongoni na sehemu nyingine za Tabora twalijua neno "hongo". Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kuja Unyanyembe ililipa hongo kwa watawala wa nchi ilizopita, hasa Ugogo: doti za amerikani na kaniki, ushanga na nyaya za shaba. Malipo hayo yalibishaniwa na kuhesabiwa hadharani, hata wapagazi wakajua nani ametoa na nani amepokea. Leo neno hilohilo ni jina la rushwa, yaani kitolewacho kwa siri.

Siku hizi wafanyabiashara huwapa bidhaa bure watu wenye wafuasi wengi katika mitandao ya kijamii, ili wazisifu. Nchini Marekani, Tume ya Biashara ya Shirikisho ilieleza mwaka 2009 kwamba apewaye bidhaa namna hiyo, kisha akaisifu, hana budi kuwaambia wasomaji wake. Hapa kwetu, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara.

Jambo hili si la watu mashuhuri wa Dar es Salaam peke yao. Katika makundi ya simu ya vyama vyetu, neno la katibu au la mkulima hodari huaminiwa sana. Tuchukue mfano wa mkulima aliyepewa bure dawa ya wadudu. Anapiga picha ya tumbaku yake iliyostawi na kuandika: "Ndugu zangu, dawa hii ni kiboko." Hasemi kwamba alipewa. Wenzake wanaiagiza kwa mkopo wa pembejeo. Dawa isipofaa, deni hubaki palepale na hukatwa katika malipo ya tumbaku. Na pale wanachama walipodhaminiana, hata asiyeitumia hubeba mzigo. Aliyepewa bure hakupoteza hata senti.

Kupokea sampuli si kosa. Lakini aliyepewa bure aweza kushuhudia kwamba wadudu walikufa. Hawezi kushuhudia kwamba bei yake inamfaa mkulima. Kwa hiyo tuzingatie haya:

1. Anayesifu bidhaa aanze kwa kusema: "Hii nilipewa na muuzaji, sikuinunua."

2. Aeleze aliitumia katika shamba la ukubwa gani, msimu upi, na kama aliacha matuta machache bila dawa ili kulinganisha.

3. Kiongozi aliyepokea zawadi kutoka kwa muuzaji aitaje kwenye kikao, iandikwe katika muhtasari, naye atoke nje wakati ununuzi wa bidhaa hiyo unapoamuliwa.

Ushirika husimama juu ya kuaminiana. Mwanachama akigundua baadaye kwamba sifa zilinunuliwa, hatasadiki tena hata ushauri ulio wa kweli.

Maswali ya kujadiliwa:

(a) Je, chama chetu kina daftari la zawadi wanazopokea viongozi?

(b) Msimu uliopita, ni pembejeo ipi tuliyoichagua kwa kufuata sifa za mtu mmoja? Aliinunua au alipewa?