Wanga wa Muhogo kwa Viwanda vya Karatasi: Hesabu ya Rutamba

MUHOGO wa Rutamba, mkoani Lindi, umezoeleka kuingia sokoni ukiwa makopa au unga. Wapo wafanyabiashara wanaodhani makopa hayo hayo yatanunuliwa na viwanda vya karatasi. Hayanunuliki. Kiwanda kinataka wanga mtupu.

Karatasi ni nyuzi za mti zilizoshikana. Nyuzi ndefu za misindano, kama zinazotumika Mgololo, wilayani Mufindi, ambako kiwanda kilianza kazi 1985, zina nguvu zenyewe. Za maboksi chakavu yaliyosagwa upya ni fupi na zimekakamaa. Boksi lake hubonyea likipangwa chini ya mengine. Hapo ndipo wanga unapohitajika. Umejengwa kwa sukari ile ile iliyojenga nyuzi, hivyo huzinatisha, kama kanji ya dobi inavyokaza kola ya shati. Kilo 5 hadi 15 hutosha kwa tani moja ya karatasi.

Tatizo ni kwamba wanga wa kawaida ukitiwa kwenye rojo, sehemu kubwa huondoka na maji. Nyuzi zina chaji hasi, kwa hiyo wanga wa kazi hiyo hubadilishwa kwanza kikemia upate chaji chanya. Kazi hiyo si ya kijijini, na anayeahidiwa bei ya wanga wa aina hiyo ajihadhari. Wanga wa kawaida hupakwa juu ya karatasi iliyokwisha kukauka, au hupikwa kwa kostiki soda ukawa gundi ya kubandika matabaka ya boksi. Viwanda vya maboksi ndio wateja wa kuanza nao.

Sasa hesabu. Kilo 1 ya makopa hutokana na mihogo mibichi kama kilo 3. Kilo 1 ya wanga, kilo 4 hadi 5. Kwa hiyo bei ya wanga isipofikia kilo 5 za mihogo mibichi, pamoja na maji, vibarua na gari, makopa yana faida zaidi. Tena muhogo huanza kuharibika siku 2 au 3 baada ya kung'olewa, hivyo ukamuaji ufanyike karibu na shamba, penye maji safi mengi. Muhogo mchungu unafaa bila wasiwasi. Mchanga, vipande vya maganda na unyevu unaozidi asilimia 13 ndivyo hurudisha mzigo.

Sampuli itangulie kiwandani kabla ya kununua mashine ya kukwangua. Machicha yakikaushwa huuzwa kuwa chakula cha mifugo, nayo yaingizwe kwenye hesabu.