Nimestaafu, mke wangu ananifukuza jikoni

Shangazi,

Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Tanga. Mwaka jana nilikabidhi funguo za ofisi baada ya kufundisha historia na jiografia karibu umri wangu wote wa kazi. Nilidhani nitapumzika, kumbe kupumzika nako kunachosha. Naamka alfajiri kama zamani, nakunywa chai, nasoma gazeti mpaka matangazo ya minada, na ikifika saa tatu sina la kufanya.

Mke wangu anapika vitumbua na kuviuza barazani. Nikawa naingia jikoni kumsaidia. Juzi nilimpangia upya makopo yake ya unga na sukari kwa ukubwa, akakasirika mbele ya wateja. Aliniambia nitafute shughuli au nirudi shuleni. Nimeumia. Naona hanithamini tena kwa kuwa mshahara umekwisha.

Nimefikiria mambo mawili. Marehemu baba alikuwa karani wa reli, na aliacha kopo la maziwa limejaa sarafu za zamani: zenye tundu katikati, za simba, za sungura. Nataka nianze kukusanya sarafu. Nimeshanunua dawa ya kung'arishia shaba ili nizisafishe zipendeze. Kuna na kijana jirani anayesema anaweza kuniletea za kale zaidi, za kuchimbwa kule Tongoni. La pili, babu yangu wa Pangani alikuwa akishona kofia za kiua, nami utotoni nilikuwa nikimtilia uzi kwenye sindano. Ningependa kujifunza kazi ile, lakini wanangu wananicheka, wanasema baba sasa anadarizi kama mwari. Nichague lipi? Na je, mambo haya yana faida yoyote au ni kupoteza muda?

Mstaafu, Tanga

Mwalimu wangu,

Nianze na la dharura. Dawa hiyo ya kung'arishia iweke mbali na kopo la baba, na kama umeshasafisha sarafu moja mbili, ishia hapo hapo. Usitumie limao wala ndimu, majivu, chumvi, mchanga wala dawa ya meno. Ile rangi ya kahawia iliyoizunguka senti ya shaba imetokana na shaba kukutana na hewa miaka na miaka, nayo ndiyo inayoikinga isiendelee kuliwa. Asidi ya limao huiyeyusha pamoja na tabaka la juu la shaba yenyewe, majivu nayo huikwaruza. Sarafu itang'aa siku chache, kisha itageuka rangi ya ajabu isiyo ya kale wala mpya, na herufi ndogo za ukingoni zitakuwa zimefutika. Mkusanyaji yeyote mwenye uzoefu ataijua kwa kuitupia jicho mara moja, na hataitaka.

Iliyoganda udongo iloweke katika maji safi ya vuguvugu, hata usiku kucha, kisha iweke juu ya kitambaa laini cha pamba na uikandamize ikauke, bila kuisugua. Ishike kwa ukingo, maana jasho la vidole lina chumvi. Na Tanga yenu ilivyo na upepo wa bahari, usiziache wazi juu ya kabati. Kila moja itie katika bahasha ndogo ya karatasi, andika juu yake kwa penseli, na bahasha zote zipange ndani ya boksi la bati lenye mfuniko wa kubana. Vile vipakiti vya chengachenga vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, ambavyo watu huvitupa, vitie humo, vinanyonya unyevunyevu. Mifuko laini ya plastiki iepuke. Ikikaa muda mrefu kwenye joto hutoa utando wa kijani unaonata, na shaba haiupendi.

Sasa mwaga kopo juu ya gazeti. Baba yako alikuwa mtu wa reli, kwa hiyo nabahatisha utakachokikuta. Nyingi ya zenye tundu ni senti za Afrika Mashariki, zilizotumika Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja. Shilingi ya simba mwenye milima nyuma yake ni ya familia hiyo hiyo. Tazama mwaka. Zilizopigwa mpaka 1946 zina fedha halisi, robo ya uzito wake, lakini kuanzia 1948 fedha iliondolewa ikawekwa shaba iliyochanganywa na nikeli. Zishike mbili kwenye mwanga wa asubuhi, utaona rangi zinavyotofautiana. Ukikuta heller, hiyo ni ya Wajerumani, waliozianzisha 1904, mia moja kwa rupia. Za sungura ni thumuni zetu wenyewe, zilizotoka Benki Kuu ya Tanzania ilipofungua milango 1966, pamoja na senti tano ya samaki, senti ishirini ya mbuni na shilingi ya mwenge.

Na kwa kuwa ulifundisha historia, nina zawadi yako. Tafuta senti tano au senti kumi ya tundu yenye mwaka 1936, kisha soma jina la mfalme. Baadhi zitakuwa na jina la George wa Tano, aliyefariki Januari mwaka huo. Lakini huenda ukakuta imeandikwa EDWARDVS VIII. Huyo ni Edward wa Nane, aliyekalia kiti kwa miezi isiyotimia kumi na mbili na kukiacha mwezi wa Desemba ili amwoe Mmarekani aliyekuwa ameachika, bila hata kuvishwa taji. Kwao Uingereza sarafu zenye sura yake hazikuwahi kuingia sokoni. Huku kwetu zile za tundu hazikuwa na nafasi ya kichwa cha mfalme, zilihitaji jina tu, kwa hiyo zilipigwa mapema na watu wakazitumia sokoni kama kawaida. Mfalme ambaye Waingereza hawakumwona kwenye pesa zao, mwuza samaki wa Tanga alimfunga kwenye pindo la shuka. Ukiona na herufi ndogo H au KN, hizo ni alama za viwanda vilivyozipiga, vyote viwili vya Birmingham. Usikimbilie kumwambia mtu umepata mali, kwa sababu zilitengenezwa nyingi na bei yake ni ndogo. Mimi naipenda kuliko sarafu nyingi za dhahabu.

Kosa la wanaoanza ni kutaka kukusanya kila kitu. Mtu ananunua noti za Zaire, stempu za Uchina, vifungo na makombe, na baada ya mwaka chumba kimejaa na hajui alichonacho. Jiwekee mpaka. Ningekuwa wewe ningesema hivi: nakusanya sarafu zilizopita mikononi mwa watu wa Tanga tangu baba alipozaliwa mpaka alipofariki. Mpaka kama huo utakwambia kipi kinakosekana. Utajua unatafuta senti moja ya mwaka fulani, na utamuuliza mzee wa jirani, fundi saa, muuza vyuma chakavu. Ukiwa na mbili za aina moja, badilishana. Daftari la maandalio ya somo unalijua kuliko mimi. Lichoree safu za mwaka, thamani, madini, hali yake, aliyenipa, na alichosema alipokuwa akinipa. Hiyo ya mwisho usiiruke kamwe. Ikiwa shangazi yako anakumbuka senti kumi ilinunua nini, andika siku hiyo hiyo, maana sarafu itabaki lakini shangazi hatabaki.

Za dhahabu za Tabora usizinunue. Mwaka 1916, wakati wa vita, bahari ikiwa imefungwa na Waingereza, Wajerumani walipiga sarafu Tabora: heller ishirini kwa shaba na shaba nyeupe walizookota walikoweza, na rupia kumi na tano za dhahabu ya mgodi wa Sekenke zenye picha ya tembo. Huyo tembo anatafutwa na wakusanyaji wa dunia nzima, na kitu kinachotafutwa namna hiyo huigwa. Atakayekuletea mlangoni jioni kwa bei ya huruma, mwambie akapeleke kwingine. Heller ishirini ya Tabora unaweza kuikuta kwenye kopo la mtu wa reli bila kulipa kitu, kwa hiyo tafuta kwanza humo.

Kuhusu kijana wa Tongoni sitazunguka. Mkatalie, na umkatalie mbele ya mkeo ili awepo shahidi. Magofu ya Tongoni yana msikiti na makaburi ya watu, na yako chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, ambayo inalinda vitu vilivyotengenezwa na mikono ya watu nchini kabla ya 1863. Kuchimba bila kibali ni kosa, na anayepokea hawezi kujitia hajui kitu kimetoka wapi. Zaidi ya hapo, sarafu iliyong'olewa ardhini na mtu asiyeandika ilikuwa kina gani na pamoja na nini, imeshakuwa bubu. Wewe uliyewapeleka wanafunzi kwenye ziara za masomo hupaswi kuelezwa hili. Wala magamba ya kobe wa baharini na pembe za ndovu zisiingie kwenye mkusanyo wako hata kama ni za babu wa mtu, mpaka uwe na karatasi za serikali.

Sasa jikoni. Mkeo yuko sahihi, Mwalimu. Jikoni pale ni mahali pake pa kazi. Hebu fikiri mkaguzi angeingia darasani kwako katikati ya kipindi, akapanga upya madawati yako kwa urefu wa miguu, halafu akasubiri ashukuriwe. Mtu anayekaanga vitumbua ananyoosha mkono kuchukua sukari bila kutazama, na wewe umempa unga. Hakusema habari ya mshahara, hayo umeyaongeza mwenyewe. Mwombe radhi kwa maneno machache, rudisha makopo yalivyokuwa, kisha mwombe kitu kimoja: kona ya nyumba iwe yako, meza na kiti karibu na dirisha, na saa mbili za asubuhi ambazo hutamuuliza chochote. Naye atafurahi kuliko unavyodhani.

Umeniuliza uchague lipi. Fanya yote mawili, kwa sababu hayagombanii saa. Kopo la baba litakupa kazi ya siku moja au mbili kwa wiki, huwezi kuzitazama sarafu zile zile kila siku. Mikono inataka kazi ya kila asubuhi, na hapo ndipo kofia ya babu inapoingia.

Wanao wakikucheka, waulize waliozishona suruali zao ni nani. Zunguka mitaa ya Tanga uone wanaokaa nyuma ya cherehani barazani, uhesabu wanaume. Lamu na Unguja wako wanaume wazima wanaoshona kofia za kiua na hakuna anayewaita wari. Waache wacheke, siku utakapotoka nayo kichwani sikukuu watakuwa wa kwanza kuiomba.

Ila usinunue kitu bado, zaidi ya sindano nyembamba, uzi mweupe na kipande cha bafta. Na miwani, ikiwa ya sasa ni ya miaka ya kufundisha. Usianze na kofia. Kunja bafta iwe mapande mawili, chora mstari kwa penseli, toboa vitobo vidogo kwa kitu chenye ncha, na uzungushie kila kitobo uzi, mshono karibu na mshono, mpaka ukingo wake usimame imara bila kufumuka. Vya kwanza vitakuwa vikubwa, vingine vimepinda. Endelea mpaka safu nzima ifanane. Kiua chote cha kofia, nyota, majani, hata maandishi, kinajengwa kwa vitobo hivyo, ndivyo pia vinavyopitisha hewa kichwani. Mkono ukishatulia ndipo upime kichwa chako kwa kamba, ukate duara la juu na ukuta wa pembeni, uchore pambo pande zote mbili, ushone, na mwisho uviunganishe. Kofia moja huchukua wiki nyingi, na anayeanza miezi. Ikiisha hufuliwa, hutiwa kanji na kuanikwa juu ya kitu cha mviringo ili isimame.

Shona mchana, karibu na dirisha, na uinuke kila baada ya muda mfupi. Shingo ya mwalimu aliyesahihisha madaftari miaka yote hiyo haihitaji mateso mapya. Lakini mshono wenyewe hautaupata kwa maelezo yangu ya gazetini. Mtafute mzee au mama anayeshona, nenda na bafta yako na kitafunwa cha mkeo, ukae pembeni utazame kabla hujauliza. Kwa mtu aliyezoea kusimama mbele ya darasa, kukaa nyuma kutakuwa kugumu kuliko sindano.

Faida? Usiweke pesa mbele. Gawanya bei ya kofia ya mkono kwa siku ulizotumia kuishona, utaona malipo ya siku ni madogo mno, na sarafu nyingi za kopo lile hazitakununulia hata mfuko wa saruji. Akitokea wa kununua kofia yako ya tatu au ya nne, mwuzie. Ya kwanza ivae mwenyewe, pamoja na makosa yake.

Wasomaji wa Tanga, Pangani na Muheza, mwenye kumjua fundi wa kofia za kiua anayekubali mwanafunzi mwenye mvi aniandikie kupitia gazeti hili kabla ya mwisho wa mwezi. Barua yake nitampelekea Mwalimu mimi mwenyewe.

Shangazi